Dakika Tatu za Chenza

Karandinga la kwenda mahakamani huondoka saa nne kamili, na mzee Klaasen anayeliendesha hana huruma na saa. Ndiyo maana Jumatatu hiyo, saa mbili na robo asubuhi, mvua ya Agosti ikipiga mabati ya kituo, Sajenti Nawaal Fortuin alikuwa ameshaingia mahabusu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazamana na Toyer Adonis.

Toyer alikuwa fundi wa magari, miaka thelathini na tisa, mguu wa kushoto una chuma ndani tangu alipoangukiwa na injini. Zamani, ujanani, aliwahi kufungwa kwa wizi wa gari. Sasa angesimama mbele ya hakimu kwa mara ya pili, na kila mtu kituoni alijua maana yake. Akipanda karandinga leo, kurudi kwake ni majaliwa.

"Jana saa moja asubuhi ulikuwa wapi?" Sajenti aliuliza.

"Kitandani. Nimeshasema mara tano."

"Nani alikuona?"

"Mke wangu yuko kwa mama yake, anangoja kujifungua. Nani mwingine anione kitandani mwangu, Sajenti? Unataka kunitafutia kesi nyingine?"

Sajenti hakucheka, ila nusura acheke. Kesi yenyewe ilikuwa fupi na mbaya. Jumapili, saa moja na dakika tano asubuhi, gari la zamani aina ya Golf, la rangi ya chungwa, lililotiwa turbo, ambalo mtaa mzima unaliita Chenza, lilimgonga mzee Boeta Faldie ('boeta' ndiyo 'kaka' ya heshima mtaani hapo) alipokuwa anavuka barabara na sahani yake kwenda kununua koesista, maandazi yaliyochovywa kwenye shira ya sukari. Dereva hakusimama. Boeta Faldie alikuwa amelala hospitali, fuvu limepasuka, hajafungua macho. Chenza lilikutwa ndani ya uwanja wa gereji, taa ya kushoto imevunjika. Funguo zake zilikuwa mbili tu duniani. Mmoja alikuwa nao Toyer, mwingine mwenye gari na gereji, Riedwaan Galant.

Na Riedwaan alikuwa na mashahidi kumi na mmoja. Wote walikuwa kwenye foleni ya koesista, na wote walisema jambo moja: Riedwaan alikuwa amesimama nao, anataniana nao, wakati injini ya Chenza bado inaunguruma nyuma ya ukuta. Wakaisikia inazimwa, yeye yuko pale pale na sahani mkononi. Kwa hiyo aliyeizima alikuwa mtu mwingine. Kapteni alipiga hesabu hiyo kwa dakika moja, akamfuata Toyer nyumbani kwake.

"Kofia yako imeokotwa chini ya ukuta wa nyuma," Sajenti alisema. "Kapteni anasema uliruka pale ukakimbia."

"Kofia ile nafutia oili! Iko pale tangu Pasaka. Na ule ukuta umeuona? Una vipande vya chupa juu. Nikiweza kuuruka kwa mguu huu, nitoeni mahabusu mnipeleke Olimpiki."

Sajenti alikuwa ameuona. Alisogeza ndoo karibu.

"Nieleze kitu kimoja. Mtu amegonga binadamu, anakimbia polisi. Anaingia uwanjani. Kwa nini asizime injini papo hapo?"

Toyer alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini watu hunawa kabla ya kula.

"Turbo haizimwi ya moto, Sajenti. Turbo ni feni inayosukumwa na moshi wa injini, inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Ukitoka mbio inakuwa nyekundu kabisa, na kinachoibeba ni oili tu. Ukizima ghafla, oili inasimama, turbo bado inazunguka kavu. Ile oili iliyobaki ndani inaungua, inakuwa masizi. Umeiua. Kwa hiyo unakaa, injini inaunguruma polepole, dakika mbili, tatu, mpaka ipoe. Boeta Riedwaan alishampiga mteja kofi kwa kosa hilo. Mteja, Sajenti! Mwenye hela!"

"Lazima ukae ndani?"

"Labda uwe na taima. Kidude kidogo, kinaunganishwa na waya za ufunguo. Unachomoa ufunguo, unaondoka zako, injini inabaki inaunguruma hadi muda uishe, halafu inajizima. Lakini kwa Boeta Riedwaan usilitaje hilo neno. Anasema taima ni ya wavivu, mwanamume hukaa na injini yake. Chenza halina taima. Mimi ndiye ninayelihudumia, ningejua."

"Mara ya mwisho kulishika ni lini?"

"Ijumaa jioni. Jumamosi nilimpeleka mke wangu kwa mama yake."

Sajenti alisimama ghafla hata ndoo ikaanguka.

* * *

Anti Galiema hukaanga koesista Jumapili kwa Jumapili nyumbani kwake, ukuta kwa ukuta na gereji. Jumatatu huosha sufuria. Sajenti alimkuta amezama mikono yote miwili kwenye sufuria kubwa ya sukari, anapigana nayo.

"Mwanangu, nilishaandikisha jana. Kapteni wenu aliandika maneno sita, akala koesista nane."

"Ndiyo maana nimekuja mimi, Anti. Gari lilipoingia, ulisikia nini?"

"Nitaacha kusikia vipi? Likaingia kwa kishindo. Halafu lango likalia."

"Lango linalia?"

"Halijawahi kutiwa grisi tangu lifungwe. Likiguswa, marehemu mume wangu anageuka huko aliko. Basi likalia, likafungwa. Kidogo tu Riedwaan akatokea kwenye kona. 'Nani wa mwisho hapa?' Nikamwambia, Riedwaan, huyo fundi wako anatutia moshi kwenye sukari, mwambie azime. Akacheka. Akasema ngoja ninunue kwanza, nikirudi nitamtukana. Ndipo injini ikazima yenyewe."

"Baada ya kuzima, lango lililia tena?"

Anti Galiema alitoa mikono kwenye maji.

"Halikulia."

"Una hakika?"

"Mwanangu, nilikuwa nalisubiri! Nilikuwa na mwiko mkononi, namsubiri Toyer atoke nimwambie ukweli wake. Hakutoka mtu. Lango lilinyamaza mpaka Riedwaan mwenyewe alipolifungua, na nyie mkafika nyuma yake. Ya Rabbi! Kwa hiyo aliyekuwemo alitokea wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu ya saa moja ijayo," Sajenti alisema, naye alikuwa ameshafika mlangoni.

* * *

Riedwaan Galant alikuwa anamngoja kituoni. Mtu wa miaka hamsini, ndevu zimechongwa kwa rula, koti la ngozi, na mkononi sanduku la sambusa alizopika mkewe kwa ajili ya askari. Konstebo Mbuqe alikuwa ameshaanza ya tatu.

"Sajenti, nimekuja kwa heshima," Riedwaan alisema. "Lini mtanipa gari langu? Jumamosi nina mashindano. Nitakuja na gari la kuvuta, nilibebe polepole, nisiwasumbue."

"Kwa nini ulibebe? Injini ni nzima."

"Betri nimeitoa waya."

"Lini?"

"Jana, kabla hamjafika. Nikasema mwizi asije akaliwasha tena."

"Watu wamejaa barabarani, Boeta Faldie yuko chini, na wewe ulikimbilia kutoa waya za betri."

"Kila mtu na tabia yake," alisema Riedwaan, na tabasamu lake halikutikisika.

Sajenti alichukua sambusa moja, akaila taratibu. Ilikuwa tamu, lazima tuseme ukweli.

"Vizuri. Picha zimepigwa, alama za vidole zimechukuliwa. Nimebakiza jambo moja tu la kuandika kwenye faili, nalo ni hali ya injini. Mbuqe, rudisha waya za betri. Na mlete Toyer na pingu zake."

"Aje kufanya nini huyo?" Riedwaan aliuliza haraka kidogo.

"Mimi sijui turbo. Anifundishe."

"Mimi nipo! Nitakufundisha mimi! Tena nakwambia, Sajenti, siku hizi linasumbua, bora tusiliwashe kabisa."

"Wewe utatazama. Simama na konstebo."

Akamvuta Mbuqe pembeni na kumnong'oneza. "Nikianza, usilitazame gari. Mtazame yeye. Kila anachofanya, kila anachosema. Kumbuka yote."

"Na sambusa je?"

"Weka chini, Mbuqe."

Uwanja wa magari yaliyokamatwa uko nyuma ya kituo: njia moja ndefu ya lami katikati ya teksi zilizopondeka na malori yasiyo na mwenyewe. Chenza lilikuwa mbele kabisa, linang'aa kwa mvua. Toyer alipakiwa kiti cha pembeni, pingu mbele. Alipoiona ile taa iliyovunjika aliguna kama mtu aliyemwona ndugu yake amepigwa. Saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika ishirini.

Sajenti aliwasha. Injini ikakohoa, ikashika. Naye, bila kungoja, akakanyaga mafuta hadi chini.

"USIKANYAGE!"

Sauti zilikuwa mbili. Toyer alipiga yake ndani ya gari, Riedwaan akapiga yake huko nje, kwa nguvu hata mbwa wa kituo akaamka. Riedwaan alikuwa amekimbia hatua tano mbele kabla Mbuqe hajamshika mkono.

"Ya baridi hiyo, mwanamke wewe!" Riedwaan alifoka. "Oili haijapanda! Unalimaliza!"

"Samahani," alisema Sajenti kwa upole, akaondoa mguu. "Nifanyeje, Toyer?"

"Usifanye chochote! Liache. Linaunguruma lenyewe polepole. Tazama mshale huu wa oili. Ukifika katikati ndiyo tunaanza kutembea, pole pole, bila kulisukuma. Likishapata moto kote, hapo ndiyo fanya utakavyo."

"Muda gani?"

"Asubuhi ya baridi hivi? Dakika kumi."

"Kumi! Karandinga linakuja, wewe."

"Sajenti, mimi ndiye wa karandinga," alisema Toyer. "Nami nakwambia dakika kumi."

Basi wakakaa. Mshale ukapanda kwa uchoyo. Toyer, kwa mikono iliyofungwa, alimwonyesha kila saa ya dashibodi na kazi yake, na kwa muda ule alisahau kabisa yuko wapi. Saa tatu na nusu wakaanza kutembea. Wakaenda mwisho wa lami na kurudi, wakaenda tena, gia ya pili, taratibu. Saa nne kasorobo lango la kituo lilifunguka, karandinga la mzee Klaasen likaingia.

"Sasa," alisema Toyer. "Sasa limepata moto. Kanyaga, Sajenti."

Akakanyaga.

Mwanzoni hakikutokea kitu, gari la kawaida tu la mtu wa kawaida. Halafu mshale wa injini ukapita elfu tatu, filimbi ikalia chini ya boneti, na kiti kikampiga Sajenti mgongoni. Teksi zilizopondeka zikawa mstari mmoja wa rangi. Sajenti Fortuin, mama wa watoto watatu, mshika dini, alipiga yowe la furaha ambalo lilisikika hadi kaunta. Toyer naye alikuwa anacheka kwa sauti. "Gia! Tia ya tatu! Usiiachie! Sasa breki, breki, breki!"

Wakageuza, wakarudi kwa kasi ile ile. Wakaenda tena. Mara nne. Ekzosi ilikuwa inapasua hewa na mvua ikigusa boneti inakuwa mvuke. Mara ya nne Sajenti alikuja moja kwa moja hadi mbele ya Riedwaan, akafunga breki, akavuta hendibreki. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Sajenti, hapana!" Furaha yote ilimtoka Toyer. "Usizime! Ya moto hiyo, usizime, nakuomba kwa Mungu!" Alirusha mikono yake yenye pingu juu ya mkono wake. Sajenti alimsukuma kwa kiwiko, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

Toyer alifumba macho.

Chenza liliendelea kuunguruma.

Toyer alifumbua jicho moja. Akautazama ufunguo mkononi mwa Sajenti. Akautazama mshale wa injini, umetulia kwenye elfu moja. Akauangalia ufunguo tena.

"Wallahi," alisema kwa sauti ndogo. "Hili lina taima. Nani kaliwekea taima?"

Sajenti alishuka, akafunga mlango, akatembea hadi alipo Riedwaan, ufunguo unaning'inia kidoleni. Nyuma yake injini ilikuwa inaunguruma bila mtu kwenye usukani.

"Adonis, Toyer!" aliita mzee Klaasen kutoka kwenye karandinga, karatasi mkononi. "Ingia! Zimebaki dakika saba, na nina vituo viwili vya kupitia."

"Nipe dakika tatu, mzee," Sajenti alisema.

"Sina hata moja ya kugawa!"

"Basi nipe hiyo usiyokuwa nayo."

Toyer naye alishuka, pingu mikononi. Wote wanne walisimama kwenye mvua wanalisikiliza gari. Klaasen alipiga honi. Akapiga tena. Kapteni alitokea dirishani kuuliza kuna nini, akaona nyuso, akabaki anatazama. Riedwaan alikuwa anapangusa mikono kwenye koti lake la ngozi, mara ya kulia, mara ya kushoto. Halafu kitu ndani ya Chenza kikalia kidogo, na injini ikajizima.

"Dakika tatu," alisema Sajenti. "Mtu anaweza kufunga lango, akazunguka kona, akauliza nani wa mwisho, akataniana na Anti Galiema kuhusu moshi. Halafu watu kumi na mmoja wanamwapia kwamba injini ilizimwa yeye akiwa kwenye foleni. Wala hawasemi uongo."

Riedwaan alimnyooshea Toyer kidole. "Taima hiyo kaiweka Toyer! Ni fundi wangu! Funguo ziko mbili, waya anazijua yeye. Kwa nini iwe mimi?"

"Nilijua utauliza. Nusu saa iliyopita, nilipokanyaga injini ya baridi, mlipiga kelele wote wawili. Wewe hata ulinitukana. Sasa hivi nimechomoa ufunguo injini ikiwa nyekundu. Toyer alikaribia kuning'ata mkono. Mbuqe, Bwana Galant alisema nini?"

"Hakusema kitu, Sajenti."

"Hata neno?"

"Hata pumzi. Alikuwa anatazama pale, kwenye kisahani cha majivu ya sigara."

"Mtu aliyempiga kofi mteja wake kwa kuzima turbo ya moto," alisema Sajenti, "leo anaona Chenza lake linauawa mbele ya macho yake, anakaa kimya. Kwa sababu anajua halitazimika. Na anayejua ni aliyelifunga hilo dude."

Mbuqe alikuwa ameshainama ndani ya gari. Alivuta kisahani cha majivu, akaingiza vidole, akatoka na kisanduku cheusi kinachoning'inia kwenye waya mpya, utepe bado unang'aa. Dakika kwenye kioo chake zilisomeka tatu kamili.

Mabega ya Riedwaan yalishuka. "Mgongo wangu," alisema. "Siwezi tena kukaa kwenye kile kiti nikingoja ipoe. Hicho kidude nilikifunga Jumamosi peke yangu, nikakificha. Ningewaambiaje watu, baada ya kuwacheka miaka yote? Jana nilitoka kulijaribu kabla ya watu kuamka. Yule mzee alitokea ghafla. Sikupanga kumsingizia mtu, Sajenti. Nilirudi, nikachomoa ufunguo, miguu ikanipeleka kwenye foleni, ndiko huenda kila Jumapili. Anti Galiema alipomtaja Toyer, mdomo wangu ukamfuata tu."

"Ukamwacha alale mahabusu," Mbuqe alisema.

"Nilitegemea mtamwachia."

Sajenti alifungua pingu za Toyer. Mikono ilikuwa na alama nyekundu, lakini Toyer hakuisugua. Alichechemea hadi mbele ya bosi wake, akasimama karibu sana.

"Miaka kumi na miwili nimekula mkate wako, Boeta Riedwaan," alisema. "Mimi niache, nitapona. Niambie kitu kimoja. Turbo uliipa dakika tatu ipoe. Boeta Faldie ulimpa ngapi?"

"Nilidhani amekufa."

"Ulidhani?"

Riedwaan alitazama chini. Maji ya mvua yalikuwa yanatiririka kwenye ndevu zake zilizochongwa.

"Nilimwona kwenye kioo," alisema. "Alikuwa ameinua mkono. Alikuwa ananiita."

Sajenti Fortuin alitoa daftari, akalikinga mvua kwa kiganja.

"Rudia hapo," alisema. "Polepole, niandike."